Mfupa wa Kujazia Wakati wa Kuinua Sinasi: Mwongozo kwa Kliniki za Meno za Nyanda za Juu Kusini

Magego ya juu yakishang'olewa na pengo likakaa miaka mingi, mfupa hupungua kutoka pande mbili. Kwa chini, ukingo wa taya huliwa taratibu kwa kukosa jino la kuushughulisha. Kwa juu, sinasi, yaani ule uwazi wenye hewa ulio kando ya pua, hushuka na kuchukua nafasi ya mizizi. Mtu anayefika Mbeya, Njombe au Iringa kuulizia kipandikizi cha jino mara nyingi aling'olewa zamani, na picha yake huonyesha milimita 3 au 4 za mfupa mahali ambapo kipandikizi cha milimita 10 kinatakiwa kisimame. Hapo ndipo sakafu ya sinasi huinuliwa na nafasi iliyopatikana kujazwa.

Mwongozo huu unahusu hicho kinachojazwa: namna ya kukichagua, kukiagiza, kukitayarisha na kukiweka, na kinachoharibika njiani. Umeandikwa kwa daktari wa meno aliyekwisha kupata mafunzo ya upasuaji wa vipandikizi na anayefanya kazi na msimamizi mzoefu kwa wagonjwa wake wa mwanzo. Mgonjwa naye anaweza kuusoma ili ajue maswali ya kumuuliza daktari wake.

Kazi ya mfupa wa kujazia

Sehemu kubwa ya unachoweka haigeuki kuwa mfupa. Kazi yake ya kwanza ni kushikilia nafasi ili utando wa sinasi usirudi chini. Mfupa mpya hutoka kwenye sakafu na kuta za sinasi za mgonjwa mwenyewe, ukatambaa juu ya chembe ulizoweka, ukilishwa na damu inayopita kati ya chembe hizo. Boyne na James, waliochapisha njia hii mwaka 1980, walitumia mfupa wa nyonga ya mgonjwa. Mwaka 2004 Lundgren na wenzake walionyesha kwamba hata damu iliyoganda peke yake huzaa mfupa, mradi ncha ya kipandikizi iwe imeushikilia utando juu.

Kwa hiyo kabla ya kufungua katalogi ya muuzaji yeyote, jiulize mambo mawili: nafasi hii itahitaji kushikiliwa kwa muda gani, na kuta zinazozaa mfupa ziko umbali gani kutoka katikati? Majibu ya maswali hayo yatakuchagulia mfupa kuliko maneno ya muuzaji.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kuahidi

Agiza CBCT, eksirei ya pande tatu. Eksirei bapa ya taya zima hukuza vipimo na haionyeshi upana. Ikiwa mgonjwa anasafiri kutoka Ludewa au Makete kwenda kupigwa picha mjini, mwandikie mpiga picha wazi kwamba picha ifike juu hadi kwenye tundu la sinasi linalofungukia puani. Picha iliyokatwa chini ya hapo itamrudisha mgonjwa barabarani mara ya pili.

Anza na kimo cha mfupa uliobaki, kwa sababu ndicho kinachoamua njia. Kikiwa milimita 8 au zaidi, kwa kawaida hakuna haja ya kuinua chochote. Tumia kipandikizi kifupi kidogo. Kati ya milimita 5 na 8 unaweza kuinua kupitia tundu lilelile la kipandikizi, kwa ostiotomu, yaani vyuma vinavyogongwa kwa nyundo, njia ambayo Summers aliieleza mwaka 1994. Chini ya milimita 5, fungua dirisha upande wa shavu. Ukibaki na milimita 4 au 5 za mfupa mgumu, kipandikizi kinaweza kuwekwa siku hiyohiyo kikikaza vizuri. Chini ya milimita 3, jaza kwanza, subiri, kisha rudi kuweka kipandikizi.

Pima pia upana, kutoka ukuta wa shavuni hadi ukuta wa puani. Madaktari wengi huuruka upana huu, nao ndio unaoeleza kwa nini wagonjwa wawili waliojazwa kitu kilekile hupona kwa kasi tofauti. Sinasi nyembamba hujaa mfupa mapema kwa sababu kuta ziko karibu. Pana sana huchelewa katikati, na hapo ndipo chembe huonekana zimelegea unapotoboa baadaye.

Halafu tazama kuta ndogo zinazoigawa sinasi ndani, ambazo Underwood alizieleza mwaka 1910, maana utando huchanika juu yake. Tafuta mshipa wa damu unaopita ndani ya ukuta wa shavu. Angalia unene wa utando na kama tundu la sinasi liko wazi. Utando ukiwa umevimba sana, kukiwa na maji yenye mstari bapa juu yake, au tundu likiwa limeziba, mpeleke kwanza kwa daktari wa pua, koo na masikio. Jino la jirani lenye usaha kwenye mzizi litibiwe au ling'olewe kabla, si siku ya upasuaji.

Hatua ya 2: Zungumza na mgonjwa kabla ya kuagiza

Mgonjwa ana haki ya kujua kitu kinachoingia mwilini mwake kimetoka wapi, na kwetu jambo hili lina uzito. Mwislamu anaweza kukataa chochote cha nguruwe. Msabato anaweza kukataa vilevile. Mhindu anaweza kukataa mfupa wa ng'ombe. Shahidi wa Yehova atataka kujua damu yake inatolewa vipi na inarudishwaje, na uamuzi ni wake. Wapo pia wasiotaka kabisa kusikia habari ya mfupa wa maiti.

Mtego uliopo ni huu: daktari humwambia mgonjwa kwamba mfupa ni wa ng'ombe, wakaafikiana, kisha akafunika dirisha kwa utando wa kolajeni uliotengenezwa kwa nguruwe. Utando mwingi wa kolajeni ulioko sokoni ni wa nguruwe. Soma asili ya kila kitu kwenye boksi, mfupa na utando, na uiandike kwenye fomu ya ridhaa kwa Kiswahili: ng'ombe, nguruwe, farasi, binadamu, maabara, au mwili wako mwenyewe.

Uliza pia kama mgonjwa atarudi lini hasa. Mkulima wa mahindi au viazi hupata fedha baada ya mavuno, na barabara za vijijini huwa mbaya mwezi Machi na Aprili. Juni hadi Agosti baridi ya Njombe na Makete huja na mafua, na mafua ni adui wa upasuaji huu. Kwa wagonjwa wengi wa huku tunaona Septemba na Oktoba ndio wakati mzuri: fedha ipo, baridi imepungua, na miezi minane baadaye mvua imekwisha, barabara zinapitika.

Mwambie apunguze sigara au aiache kabisa. Ugoro wa kunusa usisahaulike kwenye maswali, maana mzee anayekwambia havuti sigara anaweza kuwa anapiga chafya za ugoro mara kumi kwa siku. Kwa mwenye kisukari, HbA1c, kipimo cha wastani wa sukari ya damu ya miezi michache iliyopita, ikiwa juu ya 8%, tunaahirisha.

Hatua ya 3: Chagua mfupa

Mfupa wa mgonjwa mwenyewe ndio pekee unaokuja na chembe hai. Kwa kukwangua ukuta wa shavu palepale unapotaka kufungua dirisha unapata mililita 0.5 hadi 1. Sehemu ya nyuma ya taya la chini, au nyuma ya gego la mwisho la juu, itakupa zaidi. Hauna gharama ya kununua na hauna swali la dini. Udhaifu wake ni kwamba mwili huula: hewa ya sinasi husukuma kutoka juu mgonjwa anapopumua, na kimo hupungua. Ukiutumia peke yake, kipandikizi kiwekwe miezi 4 hadi 6 baada ya kujaza. Mgonjwa akirudi baada ya mwaka, huenda ukakuta umepoteza sehemu kubwa ya ulichojaza.

Mfupa wa ng'ombe uliochomwa na kusafishwa hadi kubaki madini tu hukaa miaka mingi bila kuyeyuka. Mwili haufanyi haraka kuuondoa, na ndiyo nguvu yake. Kwa sinasi pana, kwa mfupa uliobaki mdogo sana, na kwa mgonjwa ambaye huna hakika atarudi mwezi gani, huu ndio chaguo letu la kwanza. Subira yake ni miezi 6 hadi 9. Kwenye sinasi pana usishuke chini ya miezi 8. Ukichanganya na mfupa wa mgonjwa, robo hadi nusu ya ujazo, unapata chembe hai za mmoja na uimara wa mwingine. Ule mililita moja uliokwangua dirishani usiutupe hata kama unaona ni kidogo: uweke chini, ukigusana na sakafu na kipandikizi.

Mfupa wa binadamu uliokaushwa kwa kugandishwa hutoka kwenye benki za tishu za nje. Ule ambao madini yake hayajaondolewa hushikilia nafasi vizuri na hukomaa kwa takribani miezi 6. Ule uliotolewa madini hunywea haraka mno kutumika peke yake ndani ya sinasi. Bila hati ya benki ya tishu inayoonyesha vipimo vya maambukizi, usiupokee.

Mfupa wa maabara hauna asili ya mnyama, na hilo humaliza maswali mengi ya hatua ya 2 kwa mara moja. Trikalsiamu fosfati ya aina ya beta huyeyuka kwa miezi 6 hadi 18. Ni nzuri ikiwa kipandikizi kinawekwa siku hiyohiyo na kinashikilia utando. Ni hatari kwa mgonjwa anayejazwa kwanza na kuwekewa kipandikizi baadaye, kwa kuwa anaweza kuchelewa. Haidroksiapatiti, madini kama yale ya mfupa, hukaa muda mrefu. Mchanganyiko wa 60% haidroksiapatiti na 40% trikalsiamu fosfati huchukua tabia ya zote mbili, nao unatosha kabisa kwa kliniki inayohudumia watu wa imani nyingi. Tungekuwa na uwezo wa kuweka aina moja tu kabatini, tungeweka huu.

Protini ya BMP-2, inayochochea mfupa kuota, ambayo Marekani iliiruhusu kwa kazi hii mwaka 2007, ni ghali na huvimbisha uso sana. Hatuoni sababu ya kuitumia kwa sinasi ya kawaida.

Tafiti zilizolinganisha aina hizi, pamoja na vipandikizi vya uso uliokwaruzwa, hazijaonyesha tofauti kubwa ya vipandikizi vinavyodumu; kwa ujumla zaidi ya 95% hubaki baada ya miaka mitatu. Tofauti halisi iko kwenye muda wa kusubiri na kiasi cha kimo kinachobaki. Asikudanganye mtu kwamba chembe za bei mbaya zitaokoa utando uliochanika.

Hatua ya 4: Agiza kiasi sahihi, na ukikague

Kwa kuinua kupitia tundu la kipandikizi, mililita 0.2 hadi 0.5 zinatosha. Kwa dirisha la kipandikizi kimoja, tayarisha mililita 1 hadi 2. Vipandikizi viwili huhitaji 2 hadi 3, na sinasi nzima ya magego 3 hadi 5. Boksi huandikwa kwa gramu, kwa hiyo badilisha: gramu 0.5 ya chembe ndogo za mfupa wa ng'ombe, milimita 0.25 hadi 1, hutoa takribani mililita 1. Chembe kubwa za milimita 1 hadi 2 huchukua nafasi kubwa zaidi kwa uzito uleule na huacha mianya mipana kwa mishipa ya damu. Tunazipendelea kwa sinasi pana zinazofunguliwa dirisha. Chembe ndogo zinafaa kwa tundu jembamba.

Kwa sababu mzigo unatoka Dar es Salaam kwa basi au ndege, agiza boksi moja zaidi ya hesabu yako. Ukipungukiwa katikati ya upasuaji, Makambako hakuna duka la kukukopesha. Boksi likifika kagua usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, tarehe ya mwisho, pakiti ya ndani kama haijatoboka, na joto la kuhifadhia. Kolajeni nyingi zinataka isizidi nyuzi 25. Baridi ya Mbeya inakusaidia, lakini boksi lililosafiri kwenye buti ya gari kutoka pwani, au lililokaa kliniki ya Kyela dirishani, huenda limepita kiwango hicho.

Kilichobaki baada ya upasuaji hutupwa. Kukiingiza kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke, ili kimfae mgonjwa wa kesho ni kosa kubwa: pakiti ni ya mtu mmoja, chembe zimegusa damu, na joto hilo hubadilisha sifa zake. Bandika stika ya namba ya toleo kwenye faili la mgonjwa kabla hujavua glavu ya mwisho.

Hatua ya 5: Andaa fibrini kutoka damu ya mgonjwa

Fibrini ni nyuzi za protini zinazoifanya damu igande. Hatua hii si ya lazima, lakini kwa mazingira yetu ni ya thamani. Ni ya bei nafuu, inashikamanisha chembe, na inaziba mpasuko mdogo wa utando. Haichukui nafasi ya mfupa wa kujazia pale ambapo hakuna kipandikizi cha kushikilia utando.

Chota damu kwenye mirija 4 hadi 6 ya mililita 9 au 10 isiyo na dawa ya kuzuia kuganda. Mrija wa kifuniko cha zambarau au cha buluu hautakupa kitu, kwa sababu dawa iliyomo huzuia damu isigande. Iweke kwenye mashine ya kuzungusha ndani ya dakika moja hadi mbili, ukipanga mirija ikabiliane kwa uzito sawa. Kipimo cha kawaida ni mizunguko 2700 kwa dakika, kwa dakika 12.

Namba hiyo ya 2700 ilipangwa kwa mashine ndogo. Nguvu halisi hutokana na umbali kutoka katikati ya mashine hadi chini ya mrija: zidisha 0.00001118 kwa umbali huo kwa sentimita, kisha kwa mizunguko iliyozidishwa yenyewe. Kwa sentimita 8, mizunguko 2700 hutoa nguvu ya takribani mara 650 ya mvutano wa dunia. Mashine ya maabara yenye sentimita 11, kwa mizunguko hiyohiyo, hufikia karibu 900, na chembe hai nyingi husukumwa chini zikapotea. Ishushe hadi mizunguko 2300.

Umeme ukikatika dakika ya tano, damu itaganda bila kujitenga na mirija yote imekwisha kazi. Utalazimika kumchoma mgonjwa upya. Unganisha mashine kwenye betri ya akiba au washa jenereta kabla ya kuchota, hata kama umeme upo.

Toa donge la katikati la rangi ya manjano, kata lile jekundu ukiacha milimita moja au mbili zake, kisha libane taratibu kwenye kisanduku chake kwa dakika 5. Kila donge lililobanwa huwa utando. Kwa kuchanganya, katakata tando mbili vipande vidogo kwa kila gramu 0.5 ya chembe. Mchanganyiko ukinyanyuka wote kwa koleo bila kumwagika, uko tayari.

Hatua ya 6: Fungua dirisha na uinue utando

Mgonjwa asiye na mzio wa penisilini ameze amoksilini gramu 2 saa moja kabla, na asukutue klorheksidini ya 0.12% au 0.2% kwa dakika moja. Choma ganzi ya lidokeini 2% yenye adrenalini upande wa shavu na wa kaakaa.

Fungua fizi kwa mkato wa juu ya ukingo na mkato wa kushuka ulio mbali na mahali dirisha litakapokaa, ili nyuzi zitue juu ya mfupa mzima. Mpaka wa chini wa dirisha uwe milimita 2 hadi 3 juu ya sakafu ya sinasi, na wa mbele milimita 3 kutoka ukuta wa mbele. Upana wa milimita 8 hadi 10 na kimo cha 6 hadi 8 hutosha vipandikizi viwili. Piezo, kifaa kinachokata mfupa kwa mitetemo, ni salama kuliko drili kwa sababu haikati tishu laini kirahisi. Kama huna, tumia kichwa cha almasi cha duara, maji mengi, mkono mwepesi. Ukiona rangi ya buluu iliyofifia nyuma ya mfupa, umefika.

Anza kuinua kuzunguka kingo zote za dirisha kabla ya kuingia ndani, na ncha ya kifaa isiache mfupa hata kidogo. Inua hadi ukuta wa puani. Wengi huishia katikati kwa kuogopa, na matokeo yake mfupa hujaa upande wa shavu tu, kipandikizi kikabaki na mfupa upande mmoja. Mwombe mgonjwa avute pumzi kwa pua: utando mzima hupanda na kushuka.

Utando ukichanika, simama upime mpasuko. Chini ya milimita 5, legeza utando pande zote, kisha funika kwa fibrini au kolajeni. Kati ya 5 na 10, tandaza kolajeni pana inayokaa yenyewe juu ya kuta, na tumia mchanganyiko ulioshikamana, si chembe zilizo huru. Zaidi ya milimita 10, tunasimamisha kazi, tunafunga, tunamrudisha baada ya miezi mitatu hadi minne. Ni vigumu kumwambia hivyo mtu aliyesafiri kutoka Songea, lakini chembe zikiingia ndani ya sinasi huziba tundu lake, na hapo usaha hufuata.

Hatua ya 7: Jaza

Loweka chembe kwa salaini ya 0.9% au kwa damu ya jeraha isiyochanganyika na mate, dakika chache, mpaka zishikane. Chembe kavu hufyonza hewa na hutawanyika. Kata ncha ya bomba la sindano la mililita 1 ili kupata bomba wazi. Pakia humo, kisha sukuma taratibu.

Mpangilio ni huu: kwanza ukuta wa puani, kisha kona ya mbele, kisha ya nyuma. Kama kipandikizi kinawekwa leo, kiweke hapo, halafu jaza upande wa shavu mwisho. Ukianzia dirishani utaona pamejaa ilhali kona za ndani ni tupu.

Bonyeza kwa wepesi. Mkono uliozoea kushindilia amalgamu ya kuzibia meno ndio unaoharibu kazi hapa, kwa sababu chembe zilizoshindiliwa hazina mianya ya damu kupita, na katikati yake hubaki mchanga mkavu hata baada ya miezi tisa. Jaza milimita 1 au 2 juu ya ncha ya kipandikizi, basi. Kuinua sakafu milimita 10 hadi 12 kunatosha karibu kila mtu, na kujaza kupita hapo kunalisogelea tundu la sinasi.

Kipandikizi cha siku hiyohiyo kikikaza chini ya Ncm 15 (kipimo cha nguvu ya kukaza), kitoe. Kinaweza kudumbukia sinasini. Funika dirisha kwa kolajeni inayopita kingo zake milimita 3 au zaidi, rudisha fizi bila kuivuta, shona.

Kwa njia ya ostiotomu, usiinue zaidi ya milimita 3 hadi 4, na ujaze kidogo kidogo kabla ya kila kipigo. Piga nyundo kwa upole huku kichwa kimeshikwa vizuri: mapigo makali yanaweza kumwachia mgonjwa kizunguzungu cha siku kadhaa kila anapogeuza kichwa.

Hatua ya 8: Mwelekeze mgonjwa, ukianzia na safari

Wiki mbili asipenge kamasi, asinywe kwa mrija, asibebe mizigo mizito. Chafya ikija afungue kinywa. Meno ya bandia ya kuvaa yakae kando wiki hizo mbili. Amoksilini yenye klavulaniki asidi mg 625 kila baada ya saa 8 kwa siku 5 hadi 7, na ibuprofeni au parasetamoli kwa maumivu. Damu kidogo puani siku ya kwanza na ya pili ni ya kawaida. Mwambie mapema, asije akaogopa usiku.

Mbeya iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kyela iko karibu mita 500. Basi linaloshuka Kitonga kwenda pwani, au gari la Tukuyu kuelekea Kyela, hubadilisha mgandamizo wa hewa ndani ya sinasi. Mwenye pua wazi hatapata shida. Mwenye mafua na tundu lililovimba anaweza kupata maumivu makali, na hewa ikapanuka anapopanda kurudi. Tunapendelea alale mjini usiku wa kwanza, asafiri pua ikiwa inapitisha hewa pande zote mbili. Ndege kutoka Songwe aisubirishe wiki mbili.

Nyuzi zitoke kati ya siku ya 10 na ya 14. Usaha au harufu mbaya puani, shavu kuuma upya baada ya siku ya tano, au chembe nyeupe kutoka kwenye kamasi, vyote vinamaanisha aje mara moja. Ukikuta chembe zimeambukizwa, dawa peke yake haitoshi: fungua, ondoa zote zilizolegea, osha kwa salaini, funga, na mshirikishe daktari wa pua.

Hatua ya 9: Kurudi kuweka kipandikizi

Picha ya mwezi wa sita baada ya kujaza itaonyesha weupe mzuri chini ya sinasi. Usiufurahie haraka. Chembe za ng'ombe na haidroksiapatiti ni nyeupe tangu siku ya kwanza, kwa hiyo weupe wake hauthibitishi mfupa mpya. Linganisha na picha ya siku ya upasuaji: mpaka kati ya sakafu ya zamani na eneo lililojazwa ukianza kufutika, na chembe mojamoja zisipohesabika tena, mfupa unakomaa.

Unapotoboa, sikiliza mkono. Mfupa uliokomaa hutoa damu na hukataa drili kidogo. Chembe zilizolegea hutoka kama mchanga uliolowa. Ukikuta hivyo milimita za juu tu, toboa kwa kipenyo kidogo kuliko kawaida ili kipandikizi kijikaze, kifunike chini ya fizi na umpe miezi mitatu hadi minne zaidi. Ukikuta hivyo kote, usiweke. Kwangua kilicholegea, jaza upya kwa mchanganyiko wenye mfupa wa mgonjwa mwenyewe, na mpangie tarehe nyingine kabla hajaondoka kitini.